Mgumu akizidiwa kambi ya Barafu usiku, nani amefundishwa kumshusha?

Mgumu wa Umbwe

Wadau, habari za leo. Mimi ni mgumu, yaani mbeba mizigo wa mlimani, huu ni msimu wangu wa saba Kilimanjaro, mara nyingi njia ya Machame. Sasa masika yametufunga, niko nyumbani Umbwe napalilia migomba, na kuna jambo limekaa kifuani tangu Februari. Nimeona nililete hapa kwa wanaojua zaidi yangu.

Februari tulikuwa Barafu. Wanaoijua kambi ile wanajua haina maji. Maji yanafuatwa kambi ya Karanga huko chini, na anayeyafuata ni mgumu: unashuka na dumu tupu, unapanda nalo limejaa lita 20, mpaka mita 4,673. Mwenzangu mmoja, tumekua naye, tumesoma darasa moja, alikuwa anakohoa tangu kambi ya Shira. Akasema ni vumbi. Siku ile alibeba mzigo wake kama kawaida, akautua, akatumwa maji. Aliporudi alikaa chini kabla hajalitua dumu vizuri, maji yakamwagika karibu nusu, na mpishi hakumgombeza. Tuliuona uso wake tukanyamaza.

Saa mbili usiku, tumelala nane kwenye hema moja, nikamsikia anavyopumua. Kifua kilikuwa kinakoroma kama chungu cha maharage kinachochemka taratibu. Nikamwashia taa ya kichwa usoni. Midomo ilikuwa rangi ya zambarau.

Tukamwamsha kiongozi wa msafara. Alimwangalia akiwa amesimama mlangoni mwa hema, akasema apewe tangawizi ya moto, alale, asubuhi tutaona. Wageni walikuwa wanaanza safari ya kileleni saa sita usiku. Kile kipima oksijeni cha kidoleni kilikuwa kwenye begi la dawa za wageni, na mtungi wa oksijeni tuliambiwa ni wa wageni. Sisemi ni kampuni gani, na simwandiki kwa chuki. Naamini yeye mwenyewe hakujua anachokiona.

Aliyejua ni mzee mmoja mgumu mwenzetu, miaka hamsini na kitu, kusoma hajui. Alimsogelea, akaweka sikio mgongoni kwa yule kijana, akasema, "Huyu asubuhi haioni. Mshusheni sasa hivi."

Tukaenda kwa askari wa hifadhi, wakatupa machela ya gurudumu moja bila maswali. Tulikuwa sita. Na hapa ndipo swali langu lilipo: kati ya wale sita, hakuna hata mmoja aliyewahi kumfunga mtu kwenye machela ile. Tulimlaza chali. Tukakaza mikanda kifuani asidondoke. Tukaanza kushuka kwenye mawe yale ya kuteleza. Hatua mia hazijafika akaanza kupapatika, anataka kuinuka, na sisi tunamwambia tulia kaka, tulia, huku tunamkandamiza chini. Yule mzee akatusimamisha kwa ukali. Akafungua mkanda wa kifua, akamwekea mabegi mawili mgongoni mpaka akawa kama mtu aliyekaa kwenye kiti. Pumzi ikarudi. Haikurudi yote, lakini aliacha kupapatika. Nilipomuuliza amejifunzia wapi, akasema aliwahi kumwona daktari mgeni akifanya hivyo miaka mingi iliyopita, akakariri.

Wadau, tulikuwa tunamzamisha kwa mikono yetu wenyewe, na tunampenda.

Yuko hai, Mungu ashukuriwe. Tulitoka Barafu saa tatu, kambi ya Millennium tukapita karibu saa sita, na tulipofika Mweka Camp kwenye mita 3,100 alikuwa ameanza kuuliza tuko wapi. Hospitali wakasema maji yalijaa kwenye mapafu. Hajapanda tena.

Sasa nina akiba kidogo. Nilikuwa naiweka kwa ajili ya mafunzo ya kuwa mwongoza wageni. Tangu ile siku najiuliza: nitangulize hayo, au kozi ya huduma ya kwanza na uokoaji, ile ya siku kumi inayofundishwa Moshi? Vyote viwili siviwezi mwaka huu. Na la pili, ambalo ndilo linaniuma zaidi: sisi wagumu ndio tunaobeba machela. Kwa nini anayefundishwa awe yule anayetembea mbele tu? Kuna mtu amewahi kuona wagumu wanafundishwa, hata nusu siku? Tunaweza kuanza na nini tukiwa hatuna hela?

---

Mzee wa Marangu

Mdogo wangu, pole sana, na mpe pole mwenzako. Nimeongoza wageni miaka 24, sasa magoti yamekataa, nafundisha vijana. Habari yako nimeisoma mara mbili.

Nakujibu moja kwa moja. Anza na kozi ya uokoaji. Leseni ya kuongoza wageni ni ruhusa ya kupita getini ukiwa mbele ya wageni. Ni lazima uipate siku moja, lakini haikuambii ufanye nini saa mbili usiku kifua cha mtu kinapokoroma. Ile kozi ya huduma ya kwanza ya porini, watu wanaiita WFR, ni saa 70 hadi 80 za kusoma na kufanya kwa vitendo, na msingi wake ni huu: daktari yuko mbali, msaada utachukua masaa, wewe ndiye uliyepo. Cheti chake kinaisha baada ya miaka 2 au 3, inategemea mtoaji, kisha unarudi kujikumbusha. Ipo pia fupi ya siku mbili, saa 16. Kama hela haitoshi, chukua hiyo fupi mwaka huu kuliko kukaa bure ukingoja ile ndefu.

Ila kabla hujalipa, nenda ukamuulize mwalimu: masaa mangapi tutakuwa nje? Tutabebana? Tutafanya usiku? Nimewahi kulipia mafunzo tuliyokaa kwenye viti vya plastiki siku nne tunaangalia picha ukutani. Nilitoka na cheti kizuri, na mikono yangu ilikuwa haijui kitu.

Sasa machela, maana hapo umenigusa. Ile ya gurudumu moja ni nzuri kwa sababu gurudumu linabeba uzito na nyinyi mnabeba mizani. Vijana wengi wanafanya kinyume, wanainyanyua kila penye jiwe mpaka mikono inakufa kabla ya kufika Millennium. Wawili mbele, wawili nyuma, na penye mteremko mkali wawili wengine wanashika kamba nyuma wakiizuia isikimbie. Mtu mmoja tu ndiye anayetoa amri, naye anakaa upande wa kichwa cha mgonjwa, kwa sababu ndiye anayeuona uso. Anasema "simama," wote wanasimama, hata kama wa mbele anaona njia ni nyeupe. Miguu ya mgonjwa inatangulia kushuka, kichwa kinabaki juu. Mwenye maji ya mapafu anaketishwa, kama alivyofanya yule mzee wenu. Mkanda wa kifua unapita chini ya kwapa na unakazwa kiasi cha kupitisha kiganja. Uzito wa kumzuia asiteleze uwekwe nyongani na mapajani, kwenye mifupa. Akitapika, mnamgeuza ubavu yeye pamoja na machela yake, kwa hiyo mjue mapema nani anageuza upande gani. Na wabebaji wapokezane kabla hawajachoka. Aliyechoka hasemi, anaangusha.

Hayo yote ningeweza kuwafundisha wagumu kumi kwa alasiri moja. Nilikuwa nafanya hivyo siku ya kwanza ya safari, wageni wakiwa wanakunywa chai kambi ya Mandara. Namlaza mgumu mdogo kuliko wote, tunamfunga, tunazunguka naye kambi, tunabadilishana. Nusu saa. Wageni walikuwa wanatoka na kamera wakidhani ni mchezo, nikiwaeleza wananyamaza, na wengine wanaomba wafundishwe na wao.

Kuhusu mtungi kuwa "wa wageni": hapana. Kitu kikipanda mlimani ni cha msafara mzima. Kiongozi anayesema vinginevyo hajui hesabu hata ya faida, maana mgumu mmoja akizidiwa ni wagumu sita wengine wanaoondoka naye, na wageni wanabaki bila wa kuwabebea maji.

Jambo jingine dogo. Usidhani hatari ni pumzi peke yake. Januari 2006 mawe yaliporomoka kwenye njia ya Western Breach yakaua wapandaji watatu kutoka Marekani, na njia ile ikafungwa kwa muda. Ile barafu inayoshikilia mawe inalegea jua likipanda. Kwa hiyo ukienda kozi, uliza pia habari ya kusoma mlima wenyewe: upite wapi saa ngapi, na helmeti ivaliwe na nani. Jibu la hilo la mwisho ni kila mtu, pamoja na wa kubeba meza.

---

Nesi wa Pasua

Kaka, nafanya kazi ya uuguzi Moshi na kila msimu tunawapokea. Niseme kitu ambacho wagumu hawapendi kukisikia: kuzaliwa Kibosho au Umbwe hakukupi mapafu ya Barafu. Mwili unazoea urefu kwa kukaa huko, na ukishuka ukakaa wiki kadhaa nyumbani ule uzoefu unaondoka. Mgumu aliyemaliza masika analima, akaitwa safari ya kwanza ya Juni, ni mgeni wa mlima kama yule aliyeshuka uwanja wa ndege wa KIA jana. Tofauti ni kwamba yeye amebeba kilo 20.

Mwenzako aliumwa kwa sababu zinazojulikana. Alikuwa na kikohozi, akafanya kazi nzito kwenye baridi, akapanda na maji mita 600 na zaidi baada ya kuwa tayari amechoka. Kazi nzito na baridi vinasukuma shinikizo la damu kwenye mishipa ya mapafu, na maji yanavujia ndani. Dalili inayowahi ni mtu kuchoka kuliko wenzake bila sababu. Anayetanguliaga anaanza kubaki nyuma. Halafu anakosa pumzi hata akiwa amekaa. Kukoroma kwa kifua na makohozi yenye povu la rangi ya waridi huja mwisho, na msisubiri kufika huko.

Ugonjwa wa urefu unaoshika ubongo ni mwingine. Mwenye huo mnamjua kwa miguu na maneno. Mwambieni atembee kwenye mstari, kisigino kiguse vidole vya mguu wa pili, hatua kumi. Akiyumba kama mlevi, hapandi hata hatua moja tena, anashuka usiku huo huo, na hashuki peke yake. Angalieni na tabia: mtu mpole ameanza kutukana, au amekaa anaangalia viatu vyake nusu saa hajui avifunge vipi.

Kile kipima oksijeni kisiwatie wasiwasi wala kisiwape amani ya uongo. Kidole cha baridi kinadanganya. Mwambie aweke mkono kwapani dakika tano, kisha uvalishe, usubiri dakika nzima namba itulie. Barafu nimeambiwa wengi wanatembea vizuri wakiwa na asilimia 80 hivi, huku Moshi namba hiyo ingenifanya nikimbie. Kwa hiyo linganisheni na wenzake waliolala kambi ile ile. Wote wako 82, yeye yuko 64 na anahema, mnangoja nini?

Na mtungi, jifunzeni hesabu yake kabla ya safari. Mtungi wa lita 2 uliojazwa mpaka shinikizo la ba 200 una lita 400 za oksijeni. Ukifungua lita 2 kwa dakika, una dakika 200, yaani saa tatu na dakika ishirini. Ukifungua lita 4, una saa moja na dakika arobaini basi. Wewe umesema mlitoka Barafu saa tatu, na Millennium tu mkapita karibu saa sita. Unaona? Mtungi haukuruhusu kukaa kambini ukisubiri asubuhi. Unakununulia njia ya kushukia. Dawa ni kushuka, mita 300 hadi 1,000, na mara nyingi kabla ya hapo mtu anaanza kurudi, kama mlivyoona wenyewe.

Vipimo vya dawa sitaviandika hapa. Hayo mfundishwe uso kwa uso na mtu anayeweza kuwauliza maswali. Ila moja nalisema kwa sauti: mtu akipewa deksamethasoni, dawa ya kutuliza uvimbe wa ubongo, akajisikia nafuu, hajapona. Ile nafuu ni ya kumwezesha kushuka kwa miguu yake. Nimeshapokea aliyetumia nafuu hiyo kwenda kileleni.

---

Kijana wa Naro Moru

Salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Mimi ni porta na wakati mwingine napeleka wageni kilele cha Lenana, mita 4,985, Mlima Kenya. Nimeguswa na huyo mzee aliyeweka sikio mgongoni.

Huku kwetu kuna kitu ambacho Kilimanjaro kwa njia zenu za kawaida hamkutani nacho. Vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, 5,188, vyote viwili vinapandwa kwa kamba. Mtu akiumia kule juu, machela haifiki mpaka kwanza ateremshwe ukutani. Wazee wetu bado wanasimulia Septemba 1970, Gert Judmaier wa Austria alipoanguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya. Mwenzake Oswald Oelz, ambaye alikuwa daktari, alimfunga, akamwacha na kushuka kutafuta msaada, kisha akarudi, akakaa naye. Zaidi ya wiki nzima ilipita ndipo akateremshwa, watu wa Mountain Club of Kenya wakihangaika, waokoaji wakaletwa kwa ndege kutoka Innsbruck, Austria, na rubani wa helikopta aliyekuja kusaidia alikufa kwa ajali. Judmaier alinusurika, mguu wake ukaokolewa pia. Lakini mtu mmoja juu ya mwamba aliita nchi mbili.

Nilipofundishwa kamba, mwalimu hakutuanzisha kwenye mwamba. Alitupa kila mmoja kipande cha kamba nyembamba ya milimita 6 tukae nacho wiki nzima. Fundo la Prusik: unaizungusha mara tatu kwenye kamba nene, ukivuta inang'ata, ukilegeza inateleza. Tulilifunga gizani, tukalifunga tumevaa glavu, tukalifunga mikono ikiwa imetoka kwenye ndoo ya maji ya mto Naro Moru. Mpaka vidole vikakataa kusahau. Kamba ile haikuwa ghali, nyinyi pia mnaweza kuanza na hiyo. Hata kwa ile kazi ya kuzuia machela kwenye mteremko itawafaa.

---

Dada wa Mweka

Shikamoo Mzee wa Marangu. Kaka wa Umbwe, pole na hongera kwa kutonyamaza.

Mimi nilianza kubeba mwaka 2014, sasa ni msaidizi wa kiongozi. Nataka kuongeza mambo mawili ambayo hayajaguswa.

La kwanza ni baridi. Siku ya kwanza Machame mvua ya msituni inatupiga, mgumu anafika kambini amelowa mpaka ndani, na kazi yake ya kwanza ni kusimamisha hema la mgeni. La kwake linasimama mwisho. Nilifundishwa hivi na nimeifanya kwa mikono yangu mara mbili: anayetetemeka bado anapigana. Mvue nguo mbichi zote, aibu weka pembeni. Tandika turubai, juu yake magodoro mawili, kwa sababu ardhi nayo inamnyonya joto. Mwingize kwenye slipingi begi kavu, mbili kama zipo, kichwa kifunikwe, halafu turubai lile lile mlikunje kumzunguka kama sambusa. Chupa za maji ya moto zivalishwe soksi, moja kila kwapa na moja kifuani. Kama anaweza kumeza, chai yenye sukari ya kutosha. Yule aliyeacha kutetemeka wakati bado ni wa baridi, maneno yanamtoka kwa kukokota, huyo msimsimamishe wala kumsugua miguu. Mbebeni taratibu kama yai.

La pili ni njaa ya siku. Mnajua na mimi najua kwa nini mwenzako alisema ni vumbi. Akisema anaumwa Shira, anarudishwa getini, siku zinakatwa, tipu inapotea, na safari ijayo jina lake halisomwi. Mimi niliwahi kupanda na homa siku tatu kwa sababu ada ya mtoto ilikuwa inadaiwa. Kwa hiyo hata tukifundishwa dalili zote alizoandika Nesi, mtu ataficha kama kusema ukweli kunamnyima chakula. Kampuni ninayofanya nayo sasa, mgumu akirudishwa kwa ugonjwa analipwa siku zote za safari. Tangu utaratibu huo uanze, watu wanakuja wenyewe asubuhi na kusema dada, kichwa. Mapema, wakiwa bado wanatembea. Mimi nahesabu huo nao kuwa ni uokoaji. Kwa hiyo unapochagua wa kufanya naye kazi, uliza hilo kabla hujauliza malipo ya siku.

Halafu kila asubuhi nawauliza wagumu maswali yale yale ninayowauliza wageni: umelala? umekula? kichwa? kikohozi? Ninaandika kwenye daftari moja, wageni ukurasa wa kushoto, sisi wa kulia. Inachukua muda wa kuchemsha maji ya uji.

---

Mgumu wa Umbwe

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Dada, hilo la daftari nimelichukua kama lilivyo.

Nimerudi kueleza tulichofanya. Nimeamua kwenda kozi fupi mwezi ujao, ile ndefu nitaiwekea akiba msimu huu. Lakini sikutaka kungoja. Jumapili baada ya ibada niliwaita wagumu wenzangu wa hapa kijijini, wakaja tisa. Machela hatuna, kwa hiyo tulichukua ngazi ya mbao ya kuvunia parachichi, tukaifunga mikanda ya mizigo. Kwanza tuliweka gunia la mahindi la kilo sitini na kitu, tukashuka nalo kwenye njia ya mtoni, ile yenye mizizi. Gunia lilidondoka mara mbili. Mara ya tatu tukamweka mtu wa kutoa amri upande wa kichwa kama alivyosema mzee, likafika mtoni salama.

Halafu nikalala mimi. Nilitaka kujua. Wadau, ukiwa umefungwa pale unaona majani ya migomba na mbingu tu. Hujui unakwenda wapi. Kila wakiteleza kidogo tumbo linapanda kooni. Na nikagundua kitu: hakuna aliyekuwa anaongea na mimi. Walikuwa wanaongea wao kwa wao, shika huku, angalia jiwe, ngoja, na mimi niko katikati kama mzigo. Nikakumbuka ile Februari, kuanzia Barafu mpaka Millennium, sikumbuki kama kuna mtu alimwambia mwenzetu hata neno moja zaidi ya tulia.

Tulipopumzika nikawaambia. Tukakubaliana mwenye amri amwambie mgonjwa kila kitu kabla hakijatokea: sasa tunashusha, sasa kuna ngazi, umebakiza kidogo, unanisikia? Nikalala tena wakanibeba hivyo. Ilikuwa ni njia ile ile na watu wale wale, na moyo wangu haukwenda mbio.

Mkanda wa kifua tumeupima kwa kiganja. Hesabu ya mtungi nimeiandika kwa makaa kwenye ukuta wa jiko, mama ameniuliza ni deni la nani.

Jumapili ijayo tunarudia baada ya jua kuzama, kwa taa za kichwa. Nilipita kwa mwenzangu kumweleza, nikitegemea atakataa. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema atakuja, na atakayelala kwenye ngazi ni yeye, atuonyeshe mkanda ulimbana wapi.